Hati ya Nyumba Iandikwe Jina la Nani?

Kila tukutanapo sisi Waafrika Mashariki wa hapa Gaithersburg na vitongoji vyake, iwe ni msibani, harusini au kwenye nyama choma ya kiangazi, mazungumzo ya wanaume huishia kwenye viwanja. Nani kapata eneo Bunju, nani amekwisha kupaua, saruji imefika bei gani, fundi yupi kala hela na kuzima simu. Nimekaa katika mazungumzo hayo kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa kuwa kazi yangu ni uhandisi wa ujenzi, huwa naulizwa habari za msingi, nondo na mikanda ya zege. Swali ambalo sijawahi kuulizwa ni la karatasi: hati ile imeandikwa jina la nani?

Jibu la haraka nalijua. "Nyumba ni yetu sote, jina ni utaratibu tu." Sawa. Lakini kama jina ni utaratibu tu, mbona utaratibu huo haukosei hata siku moja ukaandika jina la mke peke yake? Dada zetu wengi hapa hufanya zamu mbili katika nyumba za kutunzia wazee, kule Rockville, Germantown na Silver Spring. Pesa zao huingia katika tofali zile zile. Kisha kiwanja kinaandikwa jina la mume, au la shemeji aliyeko nyumbani kwa sababu yeye ndiye "anayefuatilia". Siku ya kifo au ya talaka ndipo karatasi inapoanza kusema, na inasema jambo moja tu.

Nataka tulifikirie jambo hili kwa utulivu, maana nyuma yake kuna swali ambalo ni kubwa kuliko viwanja vyetu: haki ya mwanamke kumiliki inatokana na nini? Inatokana na kazi aliyoifanya, na ndoa aliyoingia, na huruma ya waume na kaka zake, ama anayo tu, kama mimi nilivyokuwa nayo siku niliyozaliwa bila kumwonyesha mtu risiti yoyote?

Kwanza tuondoe dhana moja. Wengi wetu tuliosoma tulifundishwa, hata kama si kwa maneno, kwamba haki za wanawake ni kama ngazi: zamani giza, kisha Wazungu wakaja na mwanga, na kila kizazi kikapanda daraja moja. Historia haikwenda hivyo. Chukueni pwani yetu. Kwa sheria ya Kiislamu iliyotumika Lamu, Mombasa na Unguja, mke hubaki na mali yake. Mahari ni yake, urithi wake ni wake, na mume hana mamlaka ya kuuza shamba la mkewe. Ni kweli kwamba fungu la binti ni nusu ya fungu la kaka yake, na mjadala juu ya hilo unafahamika. Lakini nusu ile ni yake mwenyewe. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, binti yake Salme, akiwa msichana wa miaka kumi na miwili hivi, alirithi shamba na fedha kwa jina lake. Wakati huo huo Uingereza, mwanamke akishaolewa, mali yake ya kuhamishika iliangukia mikononi mwa mume, hata mshahara wake kama alikuwa nao. Katika macho ya sheria yao mume na mke walikuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mume. Hali hiyo haikuondolewa kikamilifu mpaka sheria ya mwaka 1882. Kwa hiyo kuna miaka ambayo mwanamke aliyeolewa wa Unguja alikuwa na jambo ambalo mwanamke aliyeolewa wa London hakuwa nalo.

Sisemi hivyo ili tujisifu. Mashamba yale ya karafuu na minazi yalilimwa na watumwa, na miongoni mwao walikuwamo wanawake. Kabla ya kuuliza mwanamke alimiliki nini, ni lazima tukumbuke waliokuwa wanamilikiwa. Hali ilikuwa hivyo hivyo hapa tulipo. Mississippi ilipotunga mwaka 1839 sheria ya kumruhusu mke kuwa na mali yake, kwa sehemu kubwa mali iliyokusudiwa ilikuwa ni watumwa, na sheria ya Maryland ya miaka michache baadaye ilianza kwa shabaha hiyo hiyo. Ukitoka hapa Gaithersburg kuelekea kusini, huko North Bethesda, pana makumbusho katika shamba la Isaac Riley, bwana aliyemmiliki Josiah Henson. Katika kumbukumbu zake za mwaka 1849 Henson anasimulia jinsi mama yake alivyomwangukia Riley mnadani akimsihi amnunue na mtoto wake mdogo pia, naye akamkataa. Kila nipitapo huko humfikiria mama yule. Huwezi kumwambia habari ya jina kwenye hati, maana jina lake mwenyewe lilikuwa ndani ya orodha ya mali ya mtu mwingine.

Na Maryland hii ina kisa kingine ambacho watu wa hapa hukisimulia kwa fahari kidogo. Mwaka 1638 alifika St. Mary's City mwanamke Mwingereza aitwaye Margaret Brent, hana mume, akapata ardhi na kuiendesha mwenyewe. Gavana Leonard Calvert, alipokuwa akifa mwaka 1647, alimteua kuwa msimamizi wa mirathi yake. Askari walikuwa hawajalipwa, koloni limekaribia kuasi, naye akauza ng'ombe wa Lord Baltimore, akalipa. Tarehe 21 Januari 1648 alikwenda mbele ya Baraza akadai kura mbili, moja kwa ardhi yake na moja kama wakili wa Lord Baltimore. Gavana mpya, Thomas Greene, akakataa. Wanawake wa Maryland walisubiri hadi 1920 kupiga kura, na hata hapo ilikuwa ni kwa nguvu ya taifa zima, kwani Bunge la Maryland lililikataa badiliko lile la Katiba na halikuliridhia mpaka mwaka 1941.

Wasimuliaji wa kisa hicho huishia kwenye kura. Mimi hunivutia zaidi lile neno "hana mume". Margaret Brent aliweza kumiliki, kushitaki na kusimamia mirathi kwa sababu hakuolewa. Angalikuwa na mume, mengi ya hayo yangalikuwa ya mume. Yaani mwanamke yule yule, akili ile ile, ardhi ile ile. Kinachobadilika ni cheti kimoja cha ndoa, na haki inayeyuka. Mhandisi akiona nguzo iliyobeba tani kumi leo, na kesho inaambiwa haiwezi kubeba hata kilo moja kwa kuwa imepakwa rangi nyingine, atajua kwamba aliyeandika ripoti hakuipima nguzo.

Sasa turudi kwetu. Mimi nimetoka Kagera, kwenye migomba na kahawa, kwa hiyo nitasema ninayoyajua. Kibanja kwetu si shamba tu. Ndimo walimozikwa mababu, na mtu asiye na kibanja alihesabiwa kuwa hana pa kusimama. Wanawake walilima maharage chini ya migomba, na mashamba yao ya njugu yalikuwa huko nje kwenye nyasi, rweya. Lakini kibanja kilikuwa cha ukoo, na ukoo ulihesabiwa kwa wanaume. Mila hizo ziliandikwa kuwa sheria mwaka 1963, katika Tamko la Sheria za Mila, miaka miwili tu baada ya Uhuru. Binti aliwekwa daraja la tatu la urithi, nyuma ya mtoto wa kiume wa kwanza na nyuma ya ndugu zake wa kiume. Ardhi ya ukoo aliweza kuitumia maisha yake yote, lakini kuiuza hakuruhusiwa.

Angalieni jambo hilo: mila ilikuwa hai, ikizungumzwa na wazee, ikipindwa hapa na pale kwa busara, ilipoandikwa ikawa jiwe. Kenya ilipata jambo linalofanana kwa njia nyingine. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uligawa hati za ardhi, na afisa aliandika jina la mkuu wa kaya, yaani mwanaume. Mke aliyekuwa na shamba lake la kulima, ambalo hata mume hakuweza kumnyang'anya bila wazee kuuliza, alijikuta kwenye karatasi hayumo. Maendeleo yalimpokonya kitu ambacho "ushamba" ulikuwa umempa. Ndiyo maana sina subira na watu wanaosema tungoje tu, wakati utaleta haki. Wakati hauna mwelekeo wake wenyewe. Una watu wanaoshika kalamu.

Mmoja wa watu hao alikuwa Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza. Mbele yake, mwaka 1990, ilifika kesi ya bibi mmoja wa Muleba, Holaria Pastory. Baba yake alimwachia ardhi ya ukoo kwa wosia halali. Alipozeeka akawa hana wa kumtunza, na mwaka 1988 akaiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akaenda Mahakama ya Mwanzo kutaka mauzo yafutwe, kwa kuwa mwanamke wa Kihaya hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Akashinda. Mahakama ya Wilaya ikapindua. Mpwa akakata rufaa. Jaji Mwalusanya akasema kwamba Haki za Binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, kwamba Tanzania imeridhia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na kwamba kanuni ile ya 1963 haiwezi kusimama mbele ya mambo hayo. Bibi alikuwa na haki ya kuuza.

Nilipokuwa nasoma ng'ambo miaka hiyo, tuliijadili hukumu ile usiku kucha sisi wanafunzi wa Kitanzania, na wengi wetu tulikuwa upande wa mpwa. Hoja yake si ya kipuuzi, na ni haki isikilizwe. Ardhi ya ukoo, alisema mpwa na wanaofikiri kama yeye, si mali ya mtu, ni amana. Aliyeko juu yake leo anaitunza kwa ajili ya waliolala chini yake na watakaozaliwa. Binti huolewa, na ardhi ikimfuata, kizazi kimoja tu kinatosha kuipeleka kwenye ukoo mwingine. Mimi nakubali nusu ya kwanza ya hoja hiyo kwa moyo wote. Najua maana ya kwenda nyumbani na kukuta migomba ya babu ipo.

Lakini kama ni amana, basi imfunge kila mdhamini. Hapo ndipo Jaji alipoweka kidole. Mwanaume wa Kihaya aliweza kuuza ardhi ya ukoo, na ndugu zake wakitaka kuikomboa walimrudishia mnunuzi fedha zake. Kwa nini kanuni hiyo hiyo isitumike kwa bibi? Jaji hakuifuta amana. Aliwaweka wanaume na wanawake chini ya sharti moja. Na tuseme kweli, ndugu zangu: vibanja vilivyouzwa katika vijiji vyetu ili kununua pikipiki, kulipa madeni ya pombe au kuanzisha biashara Mwanza, viliuzwa na nani? Si mabinti. Amana inayomfunga dada na kumwacha kaka huru haiwezi kuitwa amana.

Hukumu ile haikumaliza mambo. Sheria mbili za ardhi za mwaka 1999 zilitamka wazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanaume kupata na kumiliki ardhi, na kwamba mila inayomnyima haina nguvu. Hata hivyo wajane wawili wa Shinyanga walipofika Mahakama Kuu baada ya kufukuzwa na ndugu wa waume zao, mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba kanuni za mirathi zinabagua, kisha ikakataa kuzifuta. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya nyaraka. Iliwabidi wafike kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa, ambayo mwaka 2015 iliwapa haki. Miaka yote hiyo mtu anaishi wapi? Sheria ya ardhi ilisema hivi, sheria ya mirathi ikasema vile, na mjane kasimama barabarani na sufuria zake.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza kichwa zaidi, nalo ni hili la mchango. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 inaiambia mahakama igawe mali ya wanandoa kwa kuangalia mchango wa kila mmoja, kwa fedha, mali au kazi. Majaji wakagawanyika: kupika, kulea na kufua ni kazi, au ni wajibu wa mke tu? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, ikaamua katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Ilikuwa hukumu kubwa, na nchi nyingi zilikuwa hazijafika hapo. Kenya, kwa mfano, mwaka 2007 Mahakama ya Rufani iliamua katika shauri la Echaria kwamba kuwa mke tu hakumpi mtu fungu la mali, na huyo alikuwa mke wa mwanadiplomasia aliyeishi naye katika vituo vyake vya ng'ambo. (Akina mama wa hapa mliokuja kwa viza ya mume, someni kesi hiyo mara mbili.) Sheria ya mwaka 2013 ndiyo iliyoingiza kazi za nyumbani na ulezi katika mchango huko Kenya.

Lakini kuna jambo husahaulika. Bi Hawa alishinda kanuni, akashindwa kesi. Mume wake alikuwa amempa shilingi 15,000 za mtaji, na mahakama ikaona kwamba alizitapanya, kwa hiyo alikwisha kupata chake. Akatoka bila kitu. Jina lake linatajwa mpaka leo katika mahakama zetu, kila mke anayegawiwa nyumba anapitia mlango alioufungua yeye, na yeye mwenyewe hakupita.

Hapa mjini kwetu ndipo Marekani inapotunza vipimo vyake. Wengi mnapita nje ya uzio wa taasisi ile kila siku bila kujua kwamba ndani mna kilo ya taifa. Kwa zaidi ya karne moja kilo ya dunia nzima ilikuwa kipande kimoja cha chuma karibu na Paris, na vile vingine vyote vilipimwa kwa kulinganishwa nacho. Shida ni kwamba nakala zilianza kutofautiana nacho, kidogo sana, na hakuna aliyeweza kusema ni kipi kilichobadilika, kwa kuwa kile cha Paris, kwa maana yake, hakiwezi kukosea. Mwaka 2019 wakaachana nacho.

Nikisoma kesi za mchango naona kipande kile cha chuma. Kipimo ni mshahara wa mume. Kazi ya mke hulinganishwa nacho: amechangia theluthi, robo, au sifuri. Ni yeye anayeambiwa alete ushahidi wa miaka ishirini ya kuamka saa kumi alfajiri. Mume haulizwi aonyeshe ni usiku mangapi alilala kwa amani, akaenda kazini na nguo safi, watoto hawalii, mama yake mgonjwa anauguzwa. Nawaheshimu majaji waliopanua maana ya mchango, walitumia zana waliyokuwa nayo. Lakini haki inayotegemea mizani ya namna hiyo itakuwa ikipanda na kushuka kulingana na nani anashika mizani. Mahakama ya Juu ya Kenya mwaka 2023 ilisema tena kwamba usawa wa wanandoa katika Katiba si nusu kwa nusu ya moja kwa moja. Kila mmoja athibitishe mchango wake. Naelewa hofu yao, kwamba mtu ataolewa Januari na kudai nusu Juni. Hofu hiyo ina dawa nyingine kuliko kumpima mama wa watoto sita kwa risiti.

Mimi naona mchango ujibu swali la "kiasi gani" pale watu wanapoachana, na usiguse kabisa swali la "je, ana haki". La pili limekwisha kujibiwa na ule ukweli kwamba yeye ni mtu. Na njia rahisi ya kuligawa jibu hilo mapema ni kuandika majina mawili. Hapa Maryland wanandoa wakinunua nyumba pamoja, kwa kawaida sheria huwahesabu wote wawili kuwa wenye nyumba nzima. Mmoja hawezi kuiuza peke yake, na mmoja akifa inabaki kwa mwenzake bila kesi. Tumezisaini hati hizo hapa wote, tena kwa furaha, kwa sababu benki ilitaka mishahara miwili. Kalamu hiyo hiyo ikivuka bahari inapungukiwa wino.

Kuna wanaoniambia, "Mhandisi, wewe unaleta Uzungu ndani ya nyumba." Wazungu, kama tulivyoona, walikuwa na yao. Hapa Marekani mpaka mwaka 1974 benki iliweza kumdai mwanamke saini ya mume ndipo imkopeshe. Uzungu gani huo?

Na kwa kuwa si vizuri kuwashauri watu jambo usilolifanya, nitawaambia kibanja cha baba yetu kimefikia wapi. Tuko wanne, wanaume watatu na dada mmoja. Sisi watatu tumetawanyika, mmoja Dar, mmoja Kampala, mimi hapa. Dada ndiye aliyerudi nyumbani alipoachika, akamuuguza mama miaka saba, akapalilia migomba, akapambana na mnyauko ulipoingia, akang'oa, akapanda upya. Kijiji kilipoanza kupima mashamba na kutoa hati za haki miliki ya kimila, swali likaja kwa simu: jina la nani? Kaka mkubwa akasema langu, kwa niaba ya wote. Nikamwuliza, na dada? Akasema, yeye yupo tu, nani atamfukuza?

Tulizungumza miezi minne. Sikutumia hoja ya kumuuguza mama, ingawa ingelainisha mioyo, kwa sababu sikutaka apewe ardhi kama ujira wa unesi. Nilisema ni mtoto wa baba. Mwishowe tumekubaliana majina manne, la kwake la kwanza kwa kuwa ndiye anayekaa, na hakuna atakayeuza bila wengine watatu. Kaka mkubwa amesaini. Wa Kampala amesaini. Baba mdogo, ambaye ni shahidi wa mpaka upande wa mtoni, bado anasema hajawahi kuona mpaka unaoanza na jina la mwanamke, na karatasi iko mezani kwake tangu Pasaka.